Riwaya zinazofukua maovu ambayo Ulaya ilidhani imeyazika

MSICHANA wa miaka 16 anarejea nyumbani kutoka kambi ya mateso ya Wanazi. Ni majira ya kiangazi mwaka 1945. Hitler amekufa, bunduki zimenyamaza na Ulaya inasherehekea ushindi. Wazazi wa msichana huyu hawatarudi tena. Kilichosalia duniani ambacho anaweza kukiita chake ni nyumba ya babake katika kijiji cha Puklice.

Anapofika anakuta nyumba hiyo ina wenyewe wengine. Majirani waliomjua tangu utotoni wamejitwalia mali ya familia yake, na hawampokei kama manusura bali kama adui. Kosa la familia hiyo ya Kiyahudi ni kuwa ilizungumza Kijerumani. Aliyeponea mikononi mwa Wajerumani kwa kuwa Myahudi sasa anateswa na Wacheki kwa kuwa Mjerumani.

Hicho ndicho kiini cha Peníze od Hitlera, yaani Pesa kutoka kwa Hitler, riwaya ya mwandishi Radka Denemarková iliyochapishwa mwaka 2006 katika Jamhuri ya Czech. Msichana huyo, Gita Lauschmannová, ni mhusika wa kubuni. Sheria zilizompokonya nyumba si za kubuni, na hadi leo hazijafutwa rasmi.

Jamhuri ya Czech imechaguliwa kuwa mgeni wa heshima wa Maonyesho ya Vitabu ya Frankfurt, Ujerumani, ya mwaka 2026. Ni heshima kubwa kwa taifa lolote lenye waandishi. Lakini ni heshima inayozua swali: taifa hili litajieleza vipi mbele ya majirani ambao liliwafukuza, na ambao kabla ya hapo walikuwa wamelikalia kimabavu?

Vitabu vya Denemarková vinajibu swali hilo kwa namna isiyowapendeza wengi. Hoja inayopitia kazi zake ni kuwa taifa linalojiona mwathiriwa pekee, lisilokubali kuwa nalo liliwahi kudhulumu, hulegea mbele ya mtawala yeyote anayetaka kulinunua. Matukio ya miaka ya karibuni jijini Prague yanaonyesha kuwa hoja hiyo haikutungwa hewani.

Mizani isiyokaa sawa

Kwanza ni vyema kukumbuka yaliyowapata Wacheki wenyewe. Mnamo Septemba 1938, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana na Hitler na Mussolini mjini Munich kwamba maeneo ya mpakani mwa Czechoslovakia, yaliyokaliwa na Wajerumani wengi, yakabidhiwe Ujerumani. Taifa lililokuwa likikatwa vipande halikuitwa mezani. Machi 15, 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague.

Miaka sita iliyofuata ilikuwa ya kifo na hofu. Karibu Wayahudi 80,000 kutoka Bohemia na Moravia waliangamizwa. Makomando walipomshambulia mtawala wa Kinazi, Reinhard Heydrich, Mei 1942 na akafariki siku chache baadaye, kijiji cha Lidice kiliteketezwa kulipiza kisasi. Wanaume 173 walipigwa risasi papo hapo.

Kwa hivyo vita vilipokwisha, hasira ilikuwa imefurika. Rais Edvard Beneš alitia saini amri zilizowavua uraia Wajerumani wengi na Wahungari, na kutaifisha mashamba, nyumba na viwanda vyao. Takriban Wajerumani milioni tatu waliondolewa nchini katika miaka ya 1945 na 1946. Tume ya pamoja ya wanahistoria wa Czech na Ujerumani ilikadiria kuwa kati ya watu 15,000 na 30,000 walifariki katika harakati hiyo.

Wacheki huiita harakati hiyo odsun, neno linalokaribiana na kuhamishwa. Wajerumani huiita kufukuzwa. Uteuzi wa neno moja tu unatosha kumtambulisha msemaji na upande wake.

Aidha, Mei 8, 1946 bunge la Czechoslovakia lilipitisha Sheria Nambari 115. Sheria hiyo ilitangaza kuwa vitendo vilivyofanywa hadi Oktoba 28, 1945 katika kupigania uhuru au kulipiza kisasi cha haki dhidi ya wavamizi na washirika wao havikuwa kinyume cha sheria, hata kama katika mazingira ya kawaida vingehesabiwa kuwa uhalifu. Kwa maneno mengine, waliowatesa raia baada ya vita waliwekwa mahali ambapo mkono wa mahakama haukuweza kuwafikia.

Hapo ndipo Denemarková anapomweka Gita. Mjadala wa amri za Beneš kwa kawaida huendeshwa kama mizani: huku wafu wa Lidice na wa kambi za mateso, kule wafu wa msafara wa waliofukuzwa. Kila upande huongeza kokoto kwenye sahani yake.

Gita anaivuruga mizani hiyo kwa kuwa hawezi kuwekwa katika sahani moja. Yeye ni mwathiriwa wa Hitler na wakati uo huo ni mwathiriwa wa waliomshinda Hitler. Wala hakuna kioja katika hilo. Kuna Wayahudi waliojiandikisha kuwa Wajerumani katika sensa ya 1930, kwa sababu ya lugha waliyoizungumza nyumbani, ambao walirudi kutoka kambini na kujikuta wakihesabiwa miongoni mwa maadui.

Katika riwaya, Gita anarejea kijijini mwaka 2005 akiwa mwanamke mzee. Anachotafuta zaidi ni jina la babake lisafishwe. Wanakijiji wanachosikia ni kuwa amekuja kuwatoa katika nyumba zao. Vizazi viwili vimepita, na walio ndani ya nyumba hizo hawakupora chochote kwa mikono yao, ila wanalala chini ya paa lililoporwa. Mwandishi hawageuzi kuwa mashetani. Anaonyesha jinsi hofu ya kupoteza nyumba inavyoweza kumfanya mtu wa kawaida aukane ukweli anaoujua.

Jeraha lililochagua rais

Wanaodhani kuwa haya ni masuala ya wanahistoria na watunzi wa riwaya pekee wanafaa kutazama siasa za nchi hiyo tangu utawala wa Kikomunisti ulipoporomoka Novemba 1989.

Václav Havel, mwandishi wa tamthilia aliyetoka gerezani na kuishia kuwa rais, alilaani kufukuzwa kwa Wajerumani hata kabla ya mwaka huo kwisha. Aliungwa mkono na wachache na kushutumiwa na wengi. Mwaka 1997 serikali za Prague na Bonn zilitia saini azimio la pamoja ambapo kila upande ulikiri makosa yake, lakini amri za Beneš hazikuguswa.

Mwaka 2009, Rais Václav Klaus alichelewesha Mkataba wa Lisbon wa Umoja wa Ulaya akidai hakikisho kuwa hautafungua mlango wa madai ya mali iliyotwaliwa. Mkataba uliogusa mamilioni ya raia wa Ulaya ulisubiri kwa ajili ya amri zilizoandikwa miaka 64 awali.

Kisha ukaja uchaguzi wa rais wa 2013. Katika mjadala wa televisheni, mgombeaji Karel Schwarzenberg alisema kuwa kwa vigezo vya leo, serikali ya wakati huo pamoja na Beneš pengine wangejikuta The Hague. Ni jina ambalo kwa msomaji wa Kenya halihitaji maelezo. Mpinzani wake, Miloš Zeman, aliyashika maneno hayo na kuyafanya silaha ya kampeni. Zeman alishinda, na wadadisi wengi walikubaliana kuwa kauli ile ilimgharimu Schwarzenberg kura.

Hata hivyo, si kila mahali walikozibwa masikio. Mji wa Brno ulikuwa umewafukuza zaidi ya Wajerumani 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, usiku wa Mei 30, 1945. Walisukumwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria, na wengi wakafa njiani na katika kambi ya Pohořelice. Mwandishi Kateřina Tučková alisimulia msafara huo katika riwaya iliyotoka mwaka 2009 na kusomwa na watu wengi. Mnamo Mei 2015, baraza la mji wa Brno lilieleza rasmi majuto yake.

Haiwezi kudaiwa kuwa riwaya moja ilibadilisha msimamo wa baraza la mji. Lakini ni dhahiri kuwa waandishi wa kizazi hiki, waliozaliwa baada ya vita na wasio na damu mikononi, waliwapa wananchi maneno ya kuzungumzia jambo ambalo wazee wao walilinyamazia.

Kutoka Prague hadi Beijing

Denemarková alizaliwa Machi 1968 mjini Kutná Hora, miezi mitano kabla ya vifaru vya Muungano wa Kisovieti na washirika wake kuingia Czechoslovakia kuzima mageuzi. Alikulia katika kipindi ambacho serikali iliwataka raia wasahau. Alisomea Kijerumani na Kicheki katika Chuo Kikuu cha Charles, akafanya kazi ya utafiti wa fasihi na baadaye katika jumba la maonyesho la Na zábradlí jijini Prague, jumba lile lile ambalo Havel alianzia kazi yake ya tamthilia.

Ametuzwa Magnesia Litera, tuzo kuu ya vitabu nchini mwake, mara nne na katika vitengo vinne tofauti: riwaya, uandishi wa kihalisi, tafsiri na kitabu bora cha mwaka. Tuzo ya tafsiri aliipata kwa kitabu cha Herta Müller, mshindi wa Nobel mwaka 2009, kinachohusu Wajerumani wa Romania waliopelekwa kwa nguvu katika kambi za kazi za Kisovieti mwishoni mwa vita. Hata anapotafsiri, haondoki katika uwanja wake.

Mnamo 2014 alitoa riwaya kuhusu ubakaji na unyamavu unaouzunguka, ambamo wanawake wazee wanahifadhi kumbukumbu za waliodhulumiwa katika vita na katika amani, kisha wanaamua kuchukua sheria mikononi mwao. Humo alipanua hoja yake: mwili wa mwanamke nao ni ardhi ambayo washindi hujitwalia, na kesi zake hazifiki mahakamani.

Hatua iliyowashangaza wengi ni ya mwaka 2018, alipochapisha Hodiny z olova, yaani Saa za Risasi, risasi hapa ikiwa ile madini nzito ya kijivu. Ni riwaya ya zaidi ya kurasa 700, iliyozaliwa na safari zake nchini Uchina. Ndani yake wanapishana wafanyabiashara na wanadiplomasia wa Ulaya wanaofuata mikataba, na Wachina wachache wanaothubutu kufikiri kwa sauti. Mmoja wao ni msichana anayelipa gharama kubwa kwa kuyasoma na kuyaamini maandishi ya Havel.

Uhusiano huo na Havel haukubuniwa. Mnamo Januari 1977 wapinzani wa utawala wa Kikomunisti nchini Czechoslovakia walitangaza waraka wa Charter 77. Desemba 2008, wasomi wa Uchina walitoa waraka wao wakauita Charter 08 kwa kuiga mfano huo. Mmoja wa vinara wake, Liu Xiaobo, alifungwa miaka 11, akatunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2010 akiwa gerezani, na kufariki Julai 2017 akiwa bado kifungoni. Mapema mwaka 2010, Havel mwenyewe alikwenda hadi mlangoni mwa ubalozi wa Uchina jijini Prague akiwa na barua ya kumtetea.

Baada ya riwaya hiyo kutoka, Denemarková ameeleza kuwa hawezi tena kuruhusiwa kuingia Uchina. Nchini mwake, kitabu kilitangazwa kuwa kitabu bora cha mwaka 2019.

Medali iliyokosekana

Yapo maswali yaliyoulizwa kuhusu kitabu hicho. Mbona mwandishi aliyefukua makaburi ya kwao akimbilie ya watu wengine? Na je, si rahisi kwa Mzungu kuisuta Beijing akiwa ameketi salama Prague? Wapo pia wahakiki waliolalamikia urefu wa kitabu na hotuba zinazokatiza masimulizi.

Lalamiko la urefu lina uzito. Lakini swali la kwanza linapata jibu katika mambo yaliyotendeka Prague kabla ya kitabu kuchapishwa.

Rais Zeman, yule yule aliyeshinda kwa kutetea kumbukumbu ya taifa, aliiambia televisheni ya serikali ya Uchina mwaka 2014 kuwa alitaka kujifunza namna ya kuharakisha ukuaji wa uchumi na kuiweka jamii katika utulivu. Mwaka 2015 alimteua tajiri wa Kichina, Ye Jianming, kuwa mshauri wake. Kampuni ya tajiri huyo ilinunua hisa katika biashara kadhaa nchini humo, ikiwemo klabu maarufu ya soka ya Slavia Praha. Machi 2016 Rais Xi Jinping alipokewa Prague kwa shangwe za kiserikali, huku waandamanaji wenye bendera za Tibet wakikabiliana na polisi.

Kilele kilifika Oktoba mwaka huo. Waziri wa Utamaduni, Daniel Herman, alikutana na Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibet. Papo hapo, rais, waziri mkuu na maspika wa mabunge mawili walitoa taarifa ya pamoja kuihakikishia Beijing kuwa msimamo wa nchi yao haujabadilika.

Jamaa yake Herman, mzee aliyemwita mjomba, alikuwa George Brady. Mzee huyo aliponea kambi za Terezín na Auschwitz. Wazazi wake wawili waliangamia, na dadake mdogo Hana aliuawa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 13. Brady aliishi Canada na alitarajiwa kutunukiwa nishani ya juu ya taifa mnamo Oktoba 28, 2016. Herman alieleza hadharani kuwa alikuwa ameonywa kwamba akikutana na Dalai Lama, nishani hiyo haitakuwepo. Afisi ya rais ilikanusha kuwa mambo hayo mawili yalihusiana. Siku ilipofika, jina la Brady halikuwemo.

Maelfu ya wananchi walikusanyika katika Uwanja wa Mji Mkongwe wa Prague siku hiyo kuonyesha hasira yao, na wanasiasa kadhaa walisusia sherehe za ikulu.

Kisa hicho kingeweza kuwa ukurasa wa riwaya ya Denemarková. Gita wa mwaka 1945 alinyimwa nyumba kwa sababu mali ilikuwa tamu kuliko haki. Brady wa mwaka 2016, kwa mtazamo wa walioandamana, alinyimwa heshima kwa sababu biashara ilikuwa tamu kuliko kumbukumbu. Wote wawili walikuwa wameponea kambi zile zile, na wote wawili walikataliwa na nchi iliyojivunia kuwa mwathiriwa wa kambi hizo.

Biashara yenyewe nayo haikuleta neema iliyoahidiwa. Ye Jianming alizuiliwa na maafisa wa Uchina mapema mwaka 2018 na kampuni yake ikaporomoka. Zeman aliondoka mamlakani Machi 2023.

Kinachoweza kuulizwa nyumbani

Si haki kuitwika Czech pekee mzigo huu. Poland imezozana kuhusu Wayahudi waliouawa na majirani zao. Austria ilijiita mwathiriwa wa kwanza wa Hitler kwa miongo kadhaa kabla ya kukiri kuwa raia wake wengi walimshangilia. Nchi chache za Ulaya zilitoka katika karne ya 20 zikiwa na mikono safi.

Wanaopinga msimamo wa Denemarková nao wana hoja. Wanakumbusha kuwa bila Munich, bila Lidice na bila kambi, kusingekuwa na msafara wa Brno, na kuwa kutaja dhuluma za 1945 bila kutaja chanzo chake ni kuwapa wanasiasa wa mrengo wa kulia wa Ujerumani hoja wanayoitamani. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa wakati huu ambapo vyama vya aina hiyo vinazidi kupata kura barani humo.

Lakini riwaya ya 2006 ilishaijibu. Haikuanza na Mjerumani aliyefukuzwa. Ilianza na Myahudi aliyetoka kambini. Hakuna anayeweza kuisoma na kusahau ni nani aliyeanzisha moto. Anachokatazwa ni kujifanya kwamba moto ulizimika siku Hitler alipokufa.

Mgeni anapokaribishwa huulizwa habari za nyumbani, na desturi ni kujibu kuwa ni njema hata kama kuna mgonjwa kitandani. Serikali itakayotuma wajumbe Frankfurt huenda ikapenda kujibu hivyo. Kuna bia nzuri, kuna majumba ya kale ya Prague, kuna jina la Havel ambalo dunia nzima hulipenda.

Denemarková ni miongoni mwa waandishi wa nchi hiyo ambao kwa miaka 20 wamekataa kujibu kuwa ni njema. Huko nyumbani bado kuna nyumba ambazo hadithi ya wenyewe wa kwanza haijasimuliwa, na sheria ya mwaka 1946 iliyosema kuwa hakuna wa kuulizwa.